Mbu wa Uani Kando ya Ziwa: Namna ya Kuwapunguza Bila Kudhuru Nyuki, Paka na Kuku

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Luchelele, Mwanza, si mbali na ziwa. Nina mizinga miwili ya nyuki, bustani ya maboga, matikiti na mipapai, kuku wa kienyeji, mbwa mmoja na paka wawili. Tangu mvua zianze mbu wametuzidi, na wengine wanatuuma mchana tukiwa tumekaa kivulini. Jirani amemleta kijana mwenye pampu ya mgongoni anayepulizia dawa uani kwa bei nafuu, naye anasema dawa yake haina madhara kwa sababu inatokana na pareto. Je, nikubali? Na nikikataa, nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mama. Kwa kuwa kijana mwenye pampu huenda akarudi wakati wowote, nitangulize jibu lake: asipulizie uani kwako, iwe kwa bei nafuu au bure. Sababu ninazo mbili, na zote zinahusu dawa yenyewe, kabla hatujafika kwenye ustadi wa mpulizaji.

Ya kwanza ni hilo jina la pareto. Pareto halisi hutokana na maua yaliyokaushwa, zao linalolimwa katika nyanda zetu za juu kusini, na sumu yake huvunjika upesi ikipigwa na jua. Kinachobebwa katika pampu nyingi ni pairethroidi, yaani kemikali za kiwandani zilizoundwa kwa kuiga sumu ya ua hilo na kufanywa zidumu zaidi. Kwenye lebo utaziona kwa majina kama sipametrini, permetrini, deltametrini au lambda-sihalotrini. Hata ingekuwa pareto halisi, nyuki angekufa vilevile, kwa sababu sumu hii hushika mishipa ya fahamu ya wadudu bila kuchagua, na kwa samaki pia ni sumu kali, jambo la kuzingatiwa na mtu ambaye mvua ikinyesha maji ya uani kwake huishia ziwani. Kwamba dawa imetokana na mmea si ushahidi wa usalama. Tumbaku nayo ni mmea.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Kemikali za kundi hilo hilo ndizo zilizotiwa katika vyandarua kwa miaka mingi, na mbu wa malaria wa Kanda ya Ziwa wamekwisha kujenga usugu dhidi yake. Ushahidi wa hilo haupo mbali nawe: katika wilaya ya Misungwi, hapo hapo mkoani kwako, ulifanyika utafiti mkubwa wa kulinganisha vyandarua vya aina mbalimbali, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto waliolalia vyandarua vyenye pairethroidi iliyochanganywa na klofenapiri, dawa ya kundi jingine, waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu, katika kipindi cha miaka miwili, kuliko waliolalia vyandarua vya pairethroidi peke yake. Sasa linganisha na mizinga yako. Nyuki hawajajenga usugu wa namna hiyo. Ukipulizia pairethroidi uani Luchelele, mbu aliyekusudiwa ana nafasi nzuri ya kupona, na nyuki ambaye hakukusudiwa ana nafasi kubwa ya kufa. Sijui biashara nyingine ambayo mteja hulipia hasara yake kwa utaratibu mzuri namna hiyo.

Tena hata pale dawa inapowaua mbu, inawaua waliokwisha kuota mabawa na kujificha majanini siku ile. Walio majini hawaguswi, nao kwa joto la Mwanza hutoka kwenye yai hadi kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 14 hivi. Kazi yako, kwa hiyo, ni kwenye maji, na ili ujue ni maji gani, tuanze na saa.

Umesema wapo wanaouma mchana. Hao ni mbu wa jamii ya Aedes, wadogo, weusi, wenye mistari myeupe miguuni, wanaopenda kuuma asubuhi na alasiri, hasa vifundoni na nyuma ya goti, bila kelele nyingi. Ndio wanaoeneza homa ya dengue, ambayo iliitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Jambo muhimu kwako ni kwamba mbu huyu ni mvivu wa safari: mara nyingi haendi zaidi ya mita 200 hivi kutoka mahali alipozaliwa. Maana yake ni kwamba anayekuuma chini ya mwembe wako saa tisa alasiri hakutoka ziwani. Amezaliwa kwako, au kwa jirani huyo huyo aliyemleta mpulizaji.

Anayelia sikioni tangu jioni na usiku kucha kwa kawaida ni Culex, ambaye huzaliana katika maji machafu ya vyoo, makaro na mitaro. Mbu wa malaria, Anopheles, huuma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, ingawa wapo wanaoanza mapema watu wakiwa bado nje, na hukaa ukutani akiwa ameinua sehemu ya nyuma juu. Yupo pia Mansonia, mkubwa kidogo na mwenye mabawa ya madoadoa, anayeshambulia nje wakati wa magharibi. Huyo kweli ni wa ziwani, na nitamrudia. Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, na kujazana kwenye taa ya baraza hadi chakula hakiliki, hawaumi mtu. Wao wanatakiwa kuzimiwa taa tu, si kupuliziwa sumu, kwa kuwa ni chakula cha samaki na cha ndege.

Sasa chagua siku moja ya juma, isiyobadilika, uzunguke ua wako wote ukiwa na ndoo tupu, brashi ngumu na upawa mweupe wa plastiki. Upawa ni wa kuchotea maji unayoyashuku. Uzamishe taratibu, pembeni, bila kutupa kivuli chako juu ya maji, kwani viluwiluwi wakihisi kivuli au mtikisiko huzama chini na utaona maji matupu. Katika weupe wa upawa utawaona waziwazi: anayelala sambamba na uso wa maji ni wa Anopheles, anayening'inia kichwa chini, mkia wake ukigusa juu kwa mrija wa kupumulia, ni wa Culex au Aedes, na ukiona vidude vyenye umbo la koma vinavyojipindua ovyo, hizo ni pupa, na zimebakiza siku mbili tatu kuruka.

Makopo, vifuu, tairi chakavu na madumu yaliyokatwa unayajua, sitayarefusha. Ninachokuomba ni usiridhike na kumwaga. Yai la Aedes halitagwi majini, hubandikwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nalo laweza kukaa kavu miezi mingi likisubiri mvua. Anayemwaga pipa la maji bila kulisugua amewafukuza viluwiluwi wa leo na kuwahifadhi wa juma lijalo. Sugua kwa brashi, kwa nguvu, mzunguko mzima, hasa ule mstari wa utelezi unaoachwa na maji. Vyombo vya kunyweshea kuku na bakuli la mbwa vibadilishwe maji kila siku na kusuguliwa mara moja kwa juma. Hapo hakuna dawa ya aina yoyote inayohitajika.

Kuna mahali watu wengi hawapatazami. Kwanza ni simtanki. Mfuniko unaweza kuwa umekaa sawasawa, lakini lile tobo la bomba la kumwagia maji ya ziada likaachwa wazi, na mbu hupita hapo bila shida. Lifunge kwa kipande cha wavu wa dirisha na ukaze kwa mpira wa baiskeli. Pili ni mfereji wa paa uliojaa majani ya mwembe, ambao huonekana mkavu kutoka chini huku ukiwa na maji ya vidole viwili juu. Tatu ni mtumbwi mkuukuu uliogeuzwa kuwa kitalu au kuachwa tu kando ya uzio. Nne ni mashina ya majani ya magimbi na migomba, ambayo hushika maji kidogo na kuzalisha mbu wa jamii ya Aedes. Sikushauri uikate, ila usiipande mahali unapopumzikia.

Tano, na kwa Mwanza hili lina uzito wake, ni miamba. Panda juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba yako siku mbili tatu baada ya mvua, utakuta vishimo vyenye ukubwa wa sinia au karai, maji yake yamepashwa na jua na chini yake kuna utando wa kijani. Yupo mbu maarufu kwa kuzaliana katika vishimo hivyo vya miamba, Aedes vittatus, ambaye mayai yake hustahimili kiangazi yakiwa yamegandamana na jiwe. Vishimo vidogo vijaze kokoto na saruji, ukiweka mteremko maji yasituame. Vikubwa, vifagie maji kila juma katika msimu wa mvua. Lakini kabla hujafukia, kaa kimya saa nne asubuhi uangalie ni nani anakunywa hapo. Katika ua wenye mizinga, vishimo hivyo mara nyingi ndivyo visima vya nyuki wako, nao wakikosa maji watahamia bombani kwa jirani na kuzua ugomvi mwingine. Waandalie beseni la kina kifupi lenye mawe yanayochomoza juu ya maji, mahali penye jua, na ulibadilishe maji kila baada ya siku mbili. Nyuki hawazami, na mbu hapati muda wa kumaliza utoto wake.

Yatabaki maji usiyoweza kuyamwaga wala kuyafunika: shimo la mchanga lililojaa, bwawa la kumwagilia bustani, dimbwi la chini ya mteremko ambalo hukauka mwezi wa sita tu. Kwa hayo ipo dawa ninayoikubali, nayo ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, ambaye hujulikana kwa kifupi kama Bti. Bakteria huyu hutengeneza chembe za protini ambazo hazina madhara mpaka zimeliwa na kiluwiluwi. Ndani ya utumbo wa kiluwiluwi wenye hali ya magadi ndipo zinapoyeyuka na kuutoboa. Nyuki, kuku, paka, mbwa na samaki hawana mazingira hayo tumboni, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo hawadhuriki. Nchi yetu ina kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia huko Kibaha, mkoani Pwani, na Dar es Salaam iliwahi kutumia Bti katika mpango wake wa kudhibiti malaria mjini ulioanza mwaka 2004. Muulize ofisa afya wa kata yako namna ya kuipata, na popote utakaponunua hakikisha lebo ina usajili wa mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini.

Bti ina masharti yake. Ni lazima iliwe, na pupa haili, kwa hiyo ukiiweka siku ambayo maji yamejaa pupa utadhani umeuziwa maji matupu. Haidumu, kwa kawaida hurudiwa kila juma au kila majuma mawili, kufuata maelekezo. Na isitiwe ziwani, kwa sababu inaweza kuwafikia jamaa wa mbu wasiouma, wakiwemo baadhi ya hao wadudu wa taa, bila kukupunguzia mbu hata mmoja wa maana.

Badala ya Bti utaambiwa utumie oili chafu ya gari. Najua ni bure na ni desturi ya zamani, na ni kweli kwamba utando wa mafuta humziba kiluwiluwi pumzi. Lakini oili ile imebeba mabaki ya metali kutoka injini, mbwa atailamba kwenye manyoya yake, bata atapoteza uwezo wa kuelea, na mvua ya kwanza itaipeleka ziwani, ambako ndiko unakochota. Maji ya sabuni yana ubaya mdogo zaidi, na katika karo lililofunikwa sina ugomvi nayo. Katika dimbwi la wazi sitaki, kwa sababu nyuki anayetua kunywa kwenye maji yenye sabuni hazuiliwi tena na uso wa maji na huzama.

Kuhusu choo na karo: nyufa za mfuniko zizibwe kwa saruji, na bomba la kutolea hewa liwekwe wavu juu. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za plastiki ya povu, ile nyeupe inayokingia televisheni ndani ya boksi, zikaelea juu ya maji ya vyoo vya shimo na kufanya zulia ambalo mbu hakuweza kupita kutaga. Culex walipungua sana. Ningeipendekeza kwa moyo mmoja kwa mtu wa Buswelu, anayekaa mbali na ziwa. Kwa wewe wa ufukweni nasita, kwani ziwa lilipopanda mwaka 2020 maji yaliingia katika vyoo na nyumba nyingi za pembezoni, na chembe hizo zikitoka hazikusanyiki tena. Kwako Bacillus sphaericus, ndugu wa Bti anayestahimili zaidi maji machafu, ndiye anayefaa.

Ama Mansonia wa magharibi, viluwiluwi wake hawaji juu kupumua. Huchomeka mrija wao kwenye mizizi ya mimea inayoelea, kama magugu maji, na kuvuta hewa humo, ndiyo maana mafuta na sabuni hazimpati kabisa. Dawa yake ni kuondoa mmea. Hata hivyo usiingie majini peke yako na panga. Kichocho ni cha kweli katika ufuo huu, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa pale zinapoweza kuharibu mazingira. Peleka jambo hili kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya mwalo wenu, magugu yang'olewe kwa pamoja, watu wakiwa wamevaa buti za mpira, na yarundikwe mbali na maji. Usikubali dawa ya kuua magugu.

Samaki je? Katika bwawa lako lililofungwa, sato wachanga hula viluwiluwi vizuri, nawe utakula sato. Ukishauriwa kuagiza samaki wa kigeni wa kula mbu, kataa. Sina haja ya kumweleza mtu wa Mwanza sangara aliyeletwa kutoka nje aliwafanya nini furu, samaki wetu wadogo wa asili.

Tuje kwenye bustani. Watu wengi hufyeka kila kijani kilicho karibu na nyumba wakiamini kwamba mbu huzaliwa majanini. Hawazaliwi humo, hupumzika tu mchana wakikwepa jua. Fyeka majani marefu na yenye unyevu yanayogusa ukuta na yaliyo chini ya madirisha, kwa upana wa hatua chache, kisha uache vichaka vyenye maua vilivyo mbali. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufika mchana limekwisha kujifunga, hivyo lina saa chache tu za kutembelewa. Boga lililokosa nyuki asubuhi hiyo hunyauka likiwa na ukubwa wa kidole. Utasikia mtu akisema basi tupulize jioni, nyuki wakiwa wamelala. Ni afadhali kuliko asubuhi, lakini mipapai yako huchavushwa na nondo wakubwa wanaoruka wakati huo huo wa magharibi, na dawa iliyokauka juu ya jani itamsubiri nyuki hadi kesho yake. Epuka pia mitego ya sukari iliyochanganywa na sumu inayotengenezwa nyumbani: mbu hunyonya mbochi, yaani maji matamu ya maua, hilo ni kweli, lakini nyuki ameumbwa kwa ajili hiyo, naye atafika kwenye mtego kabla ya mbu.

Wapo wasaidizi uani ambao pampu ingewaua au kuwanyima chakula: kereng'ende, ambaye utotoni huishi majini akila viluwiluwi, mjusi kafiri wa dari, popo, mbayuwayu. Upande wa Kenya na Uganda wa ziwa letu watafiti wameeleza buibui mdogo mrukaji, Evarcha culicivora, ambaye hupendelea kumkamata mbu aliyekwisha kushiba damu. Hawa wote hawatakumalizia tatizo, na asikudanganye mtu kwamba kiota cha popo kitachukua nafasi ya brashi. Ninawataja ili usiwaue bure.

Paka wako ndio ninaowahofia kuliko wanyama wengine wote wa uani. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja permetrini, na kiasi ambacho mbwa hubeba mgongoni bila taabu kinaweza kumuua paka. Kwa hiyo dawa ya kupaka mbwa isipakwe paka hata kidogo, na mbwa akipakwa, walale mbalimbali mpaka ikauke. Ukimwona paka anatetemeka, anadondosha mate au anapata degedege baada ya kukaa mahali palipopulizwa, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge kwenye taulo asijilambe na asipate baridi, na umkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ukiwa na chupa ya dawa mkononi. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mafuta ya mkaratusi na ya mti chai, ambayo watu huyapaka wanyama kwa kuamini ni ya asili, nayo humdhuru paka.

Kuku wanahitaji jambo tofauti. Mbu hubeba ndui ya kuku kutoka kuku hadi kuku kwa mdomo wake tu, ndiyo maana ugonjwa huo hupamba moto mvua zikikolea. Chanjo yake hutolewa kwa kuchoma kwenye utando wa bawa. Ofisa mifugo wa kata ataifanya. Banda lisitazamane na mtaro, na ukiweza zungushia wavu mwembamba usiku. Usipulizie dawa ndani ya banda wakati kuku wanataga mayai mnayoyala.

Kwa ninyi wenyewe, chandarua chenye dawa bado ni cha lazima kila usiku, na wavu wa dirisha usio na tundu ni fedha iliyotumika vizuri kuliko mwaka mzima wa makopo ya kupuliza. Barazani, weka feni: mbu ni dhaifu wa kuruka na upepo wa wastani humshinda. Dawa za kujipaka zenye DEET au ikaridini hufanya kazi, ila zipakwe watu tu. Zile za kuchoma za mzunguko hupunguza mbu kwa kiasi, lakini zisiwake ndani ya chumba kilichofungwa. Utafiti wa mwaka 2003 ulipima moshi wa moja na kukuta chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Mchaichai uliosimama kwenye chungu haufukuzi mbu, utie kwenye chai. Vifaa vya kulia sauti ambayo binadamu hasikii havifukuzi chochote, kama mapitio ya majaribio 10 yaliyotolewa mwaka 2007 yalivyoonyesha. Na taa za umeme za kuchoma wadudu ni mbaya zaidi kuliko bure: huko Delaware, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, kati ya wadudu 13,789 waliouawa na taa hizo, wanaouma walikuwa 31 tu.

Ningekushauri umwendee jirani yako kabla kijana wa pampu hajarudi, pamoja na balozi wenu wa nyumba kumi, ukiwa na upawa wenye viluwiluwi hai kutoka kwenye tairi au pipa lililo mpakani. Kwa mbu wa mchana, nyumba kumi zinazosugua vyombo vyao siku moja ndani ya juma zitaona tofauti kabla mwezi haujaisha, na gharama yake ni brashi.

Akikataa na kuamua kupulizia upande wake, hiyo ni haki yake, nawe unastahili kuarifiwa siku moja kabla. Mwombe apulizie jioni, upepo ukiwa hauelekei kwako, na asielekeze bomba kwenye mwembe ukiwa na maua. Siku hiyo, kabla hajaanza, toa vyombo vya maji vya kuku na mbwa, paka uwafungie ndani, na magharibi nyuki wakisharudi wote, funika milango ya mizinga kwa gunia la katani lililoloweshwa maji, ukiacha hewa ipite. Gunia lirudiwe kuloweshwa likikauka. Asubuhi yake mwaga maji ya beseni la nyuki uweke mapya, acha umande ukauke, kisha ondoa magunia kabla jua halijawa kali, kwa sababu mzinga uliofungwa kwenye jua la Mwanza unaweza kufa kwa joto ndani ya mchana mmoja, bila dawa yoyote kuugusa.